Kamera Mbili na Mdomo Wangu

Wenzangu, tangu nirudi sijateka maji kwa amani. Nikifika bombani mmoja ananishika ndoo: "Mama Masanja, eti ulishikwa Lamadi?" Mwingine anasema nilicheza ngoma mpaka nikapoteza kamera ya mtoto. Sikushikwa. Sikupoteza kitu. Sasa nimeandika mara moja yaishe, na atakayeniuliza tena nampa daftari asome mwenyewe. Darasa nililofika mnalijua, wengine tulitoka mlango mmoja siku moja, kwa hiyo msinikosoe maandishi.

Minza mnamfahamu, binti wa mwanangu Masanja, aliyezaliwa hapa Sola akakulia Mwanza. Huyo ndiye mjukuu wangu, na kama kuna mwenye mjukuu mzuri zaidi aandike daftari lake. Kuna mzee Mwanza mwenye studio kubwa ya picha ambaye huchukua kijana mmoja kumfundisha kazi na kumwajiri. Safari hii walibaki watatu, Minza mmoja wao. Akawaambia: kila mmoja arudi kwao, aniletee picha kumi za watu wa mitaani na sokoni, wakiwa katika shughuli zao. Aliyejipanga mbele ya kamera simtaki. Mniletee Jumamosi asubuhi.

Minza akikosa hapo anarudi kwenye kile kibanda cha picha za pasipoti, alikokaa miaka mitatu akiwaambia watu inua kidevu, shusha kidevu. Alikuja kwangu Jumatatu jioni, amekonda, akaniomba nimsindikize kwa sababu Kisukuma chake kina mashimo. Nikasema twende, nani atakataa kutembea na mtoto kama huyu mkoa mzima watu wakimwona?

Sola hadi Maswa: tunasubiri

Alikuwa na kamera mbili. Moja kubwa, nyeusi, ina mdomo mrefu kama mtutu, ukiivaa shingo inainama. Nyingine ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, imechubuka pembeni, ukiikuta njiani unaweza kuipita.

"Hii kubwa ni ya harusi, Bibi," akasema. "Nitaiacha hapa kwako. Ndogo ndiyo ya kazi hii."

"Hiyo?"

"Hii hii. Haiogopeshi watu."

"Haiogopeshi na haiheshimishi. Mke mwenzangu, mimi sitembei na mpiga picha mwenye kasabuni. Watu watasema Masanja ameshindwa kumnunulia mtoto kamera."

Mnajua jinsi ninavyomtania, namwita mke mwenza tangu ameanza kutambaa. Akabisha kidogo, akachoka. Tulipotoka asubuhi ya Jumanne ile kubwa ilikuwa shingoni mwake kwa amri yangu, ile ndogo ameificha mfukoni.

Stendi ya Maswa tulikaa kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Basi lilikuwa linakuja. Lilikuwa linakuja tangu tulipofika. Nilikuwa na matobolwa yangu kwenye kitambaa, vile viazi tulivyochemsha na kuanika mwezi uliopita, tukatafuna taratibu. Minza naye kumbe anafanya kazi. Ameweka ile ndogo kwenye paja, haangalii kamera, anaangalia mbali kama mtu anayewaza mchumba, kidole kinabonyeza. Kulikuwa na mzee anamenya muwa kwa meno, na mama mmoja amelala juu ya gunia lake la mpunga, mdomo wazi.

Nikaona hapana. Watu wazuri vile wapigwe picha na makapi ya muwa kidevuni? Nikasimama.

"Jamani! Mjukuu wangu ni mpiga picha kutoka Mwanza. Mnapigwa hapa, jiwekeni sawa!"

Yule mzee akatema muwa, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akaweka mkono kifuani. Mama wa gunia akaamshwa na jirani, akajifunga kilemba upya, akamfuta mtoto kamasi kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Stendi nzima ikanyooka. Hata mpiga debe akavua kofia.

Minza akairudisha kamera mfukoni pole pole.

"Bibi."

"Ee."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakusaidia."

Akachukua tobolwa, akatafuna kama anamtafuna mtu.

Maswa hadi Bariadi: picha ya tairi

Basi lilipokuja lilikwenda vizuri mpaka tairi la nyuma likapasuka katikati ya mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa, mabua matupu kila upande. Tukashuka wote. Jeki ya dereva ilikuwa imeazimwa na basi lingine, kwa hiyo tukasubiri basi lingine. Abiria mmoja alikuwa na matikiti, akapasua moja kwa goti, tukala tumesimama.

Nikamnong'oneza Minza, haya, watu ndio hawa, wako katika shughuli zao. Akaanza kuzunguka na ile ndogo. Lakini kondakta alikuwa ameiona kubwa.

"Dada wewe wa kamera! Njoo hapa unisaidie. Piga hili tairi."

"Tairi?"

"Bosi wangu haamini maneno. Nikimwambia limepasuka anasema tulisimama kunywa chai. Piga hapo palipochanika. Sasa piga na mimi pembeni, nimelishika. Nisicheke?"

"Usicheke," nikamwambia. "Mtu aliyepasukiwa hacheki."

Baada ya kondakta wakaja abiria. Mmoja alikuwa anawahi kikao cha mahari, anataka ushahidi wa kuonyesha wakwe. Mwingine ni mwalimu. Kila mmoja akapigwa na tairi. Minza alipiga lile tairi kwa pande zote nne, na namba za simu akaandika mkononi ili awatumie. Tulipopanda tena nikamwambia, unaona faida ya kamera kubwa? Ukiwa na kasabuni nani angekuita?

"Hakuna ambaye angeniita, Bibi," akasema. "Ndicho ninachokitaka."

Bariadi: sura ya kitambulisho

Jumatano tuliingia sokoni Bariadi mapema. Tulipita kwa wauza mitumba, tukapita kwa wanaosaga karanga. Minza akasimama karibu na mashine ya kusaga, akainua ile kubwa, maana mimi nilikuwa nimemkazia macho. Mzee mmoja mwenye baiskeli akaegesha, akavua kofia, akaja kusimama mbele yake wima.

"Hii ni ya mbegu?" akauliza.

Minza hakuelewa, akaitikia tu ndiyo kwa adabu, kama watoto wa mjini wanavyoitikia wazee. Kosa likaanzia hapo. Mnajua wenyewe, mtu akija na kamera kubwa huku kwetu amekuja kuandikisha. Ama wakulima, ama kaya, ama ni za kitambulisho. Nyuma ya yule mzee akasimama mwingine. Nyuma yake wanawake wawili wenye watoto mgongoni. Kabla karanga hazijasagwa mstari ulikuwa umefika kwenye maduka ya vitambaa.

Na mimi, nisidanganye, nilifurahi. Niliwapanga. "Wazee mbele! Mwenye mtoto mchanga apite! Wewe kijana, hukumwona mama huyu?" Mtu mmoja aliniuliza kama mimi ni mtendaji wa kata. Sikumkatalia haraka sana.

Minza aliniangalia kwa macho ya kuomba, lakini angewafukuzaje wazee waliokwisha kuvua kofia? Akapiga wote, mmoja mmoja. Ilipogundulika kwamba hakuna daftari wala mbegu, yule mzee wa kwanza akasema, "Sasa umetupigia nini?" Minza akasema, "Kwa sababu mmependeza, babu." Mzee akafikiri, akasema, "Hilo ni kweli," akapanda baiskeli yake.

Jioni, jua bado halijazama, tulikaa kwenye kibaraza cha gesti tunakula wali na mchicha. Minza akanionyesha picha kwenye kioo cha kamera. Wote wamesimama mikono imenyooka, macho yametoka, midomo imefungwa kama wamekatazwa kupumua.

"Wazuri," nikasema.

"Bibi, wote wamevaa sura ya kitambulisho."

Nikaangalia tena. Ilikuwa kweli. Mzee wa baiskeli, ambaye alikuwa na maneno matamu vile, pale kwenye kioo alifanana na mtu anayetafutwa na polisi.

"Nina tairi na nina vitambulisho," akasema. "Wenzangu wawili sasa hivi wana picha saba, nane. Mimi sina hata moja. Imebaki kesho na keshokutwa."

Hakusema kwamba ni mimi. Angesema ningemjibu. Alisukuma wali tu, na huyo ni mtoto ambaye hajawahi kubakiza wali tangu ameota meno. Nikamwambia basi, ng'wanone, mwanangu, kubwa nitaibeba mimi kwenye kikapu, nitaifunika kanga, na mdomo wangu nitaufunga. Kesho piga utakavyo.

"Utaweza?"

"Nimezaa watoto saba. Kunyamaza kutanishinda?"

Dutwa: nimeahidi kunyamaza

Dutwa tulifika Alhamisi saa tatu. Nikakaa kwenye benchi mbele ya duka, kikapu miguuni, mdomo umefungwa. Mwenye duka akanisalimia, nikaitikia kwa kichwa. Akadhani ninaumwa jino, akaniletea chumvi.

Kutoka pale nilimwona Minza akifanya kazi, na wenzangu, sijawahi kuona aibu kama ile. Ameificha kamera kwenye mkono wa sweta. Anatembea upande upande kama kuku anayekwenda kwenye mahindi ya jirani. Anapita, anasimama, anajifanya anasoma tangazo la vocha, anageuka. Mtoto wa Masanja!

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi baiskeli, mwanamke, wa umri wa jirani yetu Mama Shija hivi, amekaa juu ya tairi kubwa, gurudumu ameliweka kati ya magoti, anasokota spoku na anaimba. Minza akampita. Akarudi, akampita tena. Mara ya tatu sweta likainuka.

"We dada," fundi akasema bila kuinua kichwa.

Minza akaganda.

"Ndiyo, we mwenye sweta. Njoo. Umenifanya nini?"

"Nimekupiga picha tu, mama. Samahani. Ulikuwa umependeza na kazi yako."

"Umepita hapa mara tatu. Ya kwanza hukunisalimia. Ya pili hukunisalimia. Ya tatu umenipiga. Mimi ni mti?"

Watu wakaanza kugeuka. Minza akanitazama. Nikatazama viatu vyangu, maana ahadi ni ahadi, na tena nitasema ukweli, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inapikiwa pilau.

"Unamtazama nani?" fundi akauliza. "Yule bibi ni wako?"

"Ndiyo, ni bibi yangu."

"Loo! Na yeye yuko hapo tangu asubuhi hajanisalimia. Kumbe ni ukoo mzima."

Hapo pilau ikaungua. Mimi! Mimi nisiyepita hata mbuzi wa mtu bila kuuliza hali! Niliruka kwenye benchi na kikapu changu, nikavuka barabara, nikamsalimia yule mama asubuhi yake, watoto wake, ng'ombe wake na mvua iliyopita, nikamweleza kwamba nimenyamazishwa. Akacheka. Akasema basi kaeni. Lakini picha akataka ifutwe, na Minza akaifuta mbele ya macho yake. Baadaye alinieleza kwamba ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Mama yule alikuwa anaimba na jua limepita katikati ya spoku.

Tulikula naye ugali na mlenda. Minza alipoona amechangamka akamwomba kwa adabu, "Mama, sasa naweza kukupiga tena?"

Fundi akapapasa mashavu yake kwa mikono yenye grisi.

"Leo nimeshakasirika," akasema. "Uso haujarudi. Njoo mwezi ujao."

Kwenye gari la kwenda Lamadi Minza alitazama dirishani muda mrefu.

"Nikiwasalimia wanajipanga," akasema. "Nisipowasalimia mimi ni mwizi. Sasa nifanye nini, Bibi?"

Mnanijua, huwa nina jibu. Safari hii nikampa tobolwa la mwisho.

Lamadi: kati ya ngoma mbili

Lamadi Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi tulikwenda kwa wanawake wanaoanika dagaa, lakini lori la mnunuzi lilikuwa limefika, wanakimbizana na magunia, wakatuambia tuondoke njiani. Minza akapata picha ya mgongo mmoja na ndoo nyingi. Mchana tukala sato wa kuchemsha, mimi nilikula na kichwa chake, yeye alichezea mfupa.

Ndipo tukasikia ngoma. Kwenye uwanja karibu na soko Wagika na Wagalu walikuwa wanashindana. Nyinyi mnajua, lakini daftari hili linaweza kumfikia mtu wa pwani, kwa hiyo naeleza: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja huku kimoja kule, na hakuna anayetoa alama. Watu wenyewe ndio alama. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda. Marehemu mume wangu alikuwa Mgalu, na mimi nikawa Mgalu siku niliyoingia kwake. Upande wa pili, baba yake mama yake Minza alikuwa Mgika. Hilo sikuwahi kuona sababu ya kulitaja.

Minza akaingia kwenye watu na ile ndogo yake, safari hii ameishika wazi, amechoka kuificha, lakini bado anatembea kama anakanyaga mayai. Mimi nikasogea upande wetu. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye manyoya ya mbuni kichwani, anaruka mpaka unasikia ardhi. Sikumwona vizuri. Nikakumbuka ule mdomo mrefu unavuta mtu karibu. Nikaitoa kamera kikapuni, nikaiweka jichoni. Hicho tu ndicho nilichofanya.

Sikujua hata ilikuwa imezimwa. Lakini watu hawakujua pia. Waliona bibi kizee na kamera kubwa kama ya bungeni, ameelekeza kwa Wagalu. Mmoja akasema wanarekodiwa. Wa pili akasema watatoka kwenye runinga. Nikasikia miguu. Nilipotoa jicho uwanja mzima ulikuwa umehamia kwetu, wanasukumana kupita mbele yangu, na upande wa Wagika wamebaki wapiga ngoma wao na mbuzi mmoja.

Ngoma yao ikakatika. Kiongozi wao akavuka uwanja, jasho linamtiririka, akaninyooshea usinga.

"Hiyo ni dawa!"

"Dawa gani? Ni kamera ya mjukuu wangu."

"Imevuta watu, haikuvuta? Basi ni dawa. Dawa inapakwa asubuhi kabla ya ngoma, hailetwi katikati watu wakishaanza kutoka jasho!"

Na hapo, wenzangu, hata baadhi ya Wagalu waliona ana hoja.

Mwamuzi alikuwa mwanamke, Mama Pendo, mfanyabiashara wa dagaa, mnene, ana filimbi shingoni. Walimchagua kwa kuwa yeye ni mtu wa ziwani na hana upande. Akapuliza filimbi, akaichukua kamera, akaiinua mbele ya watu.

"Mwenye hii ni nani?"

"Mjukuu wangu, Minza. Yule pale."

"Yeye ni wa upande gani?"

"Wetu!" nikasema, kifua mbele. "Mgalu!"

Kelele zikapanda. Mama Pendo akapuliza tena.

"Umejihukumu mwenyewe, bibi. Kamera ni ya upande mmoja. Wewe na mjukuu wako na vyombo vyenu mtoke uwanjani mpaka ngoma iishe kesho."

Kesho! Kesho asubuhi Minza alitakiwa Mwanza na picha kumi. Watu walikuwa hapo, jua lilikuwa zuri, na mimi nimemfungia mlango. Nilimtazama. Hakulia wala hakunikasirikia. Alianza tu kuifunga ile ndogo kwenye kitambaa chake, taratibu, kama mtu anayefunga duka asilotegemea kulifungua tena.

Nikasema, "Subiri." Mama Pendo akasubiri. Nikaongea chini chini.

"Babu yake mzaa mama alikuwa Mgika."

"Umesemaje, bibi?" akauliza yule kiongozi wa usinga. Alikuwa amesikia vizuri sana.

"Alikuwa Mgika."

"Wenzangu kule nyuma hawakusikia!"

Wakaniletea kipaza sauti. Ndiyo, kipaza sauti. Nikasema mara ya tatu, uwanja mzima ukasikia na nadhani samaki pia, kwamba ukoo wangu umechanganyika na Wagika. Wagika wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa upande wangu akatikisa kichwa, akasema, "Na ulimficha miaka yote hiyo!"

Mama Pendo akaamua. Mtoto ana pande mbili, hawezi kufukuzwa na upande wowote. Kamera kubwa iwekwe katikati ya uwanja chini ya beseni la dagaa. Bibi akae hapo hapo karibu na beseni, asiondoke, asishangilie. "Na wewe binti, nenda ukawasalimie watu wa mama yako kwanza. Hawajakuona tangu umezaliwa."

Nikakaa pale katikati kama mbuzi wa mahari, na nikaona yote.

Minza alikwenda akapiga magoti. Na suruali yake ya mjini, magoti mavumbini. Lakini kwa kuchanganyikiwa aliyapiga mbele ya mpiga ngoma wa kwanza, kijana mdogo kuliko yeye. Kijana akaruka nyuma na ngoma yake.

"Usinizeeshe, dada! Sijaoa!"

Wakaanguka kucheka. Minza naye akainuka, akapiga magoti kwa mwingine, huyo pia kijana. Bibi mmoja wa Kigika akamshika mabega, "Njoo huku mayu, mama, utamaliza magoti bure," akamzungusha: huyu unampigia, huyu humpigii, huyu ni mjomba wako, mpe mkono. Wakamwuliza yeye ni mwana wa nani, mwana wa nani, mwana wa nani. Akaishia kwenye babu. Wakamtajia wengine wanne, wakamtaka arudie. Akawakosea mpangilio, baba mkwe akamfanya mtoto wa mkwe wake. Wanawake wakashikana wasidondoke.

"Na hicho mkononi ni nini?"

"Kamera, bibi."

"Hicho? Hicho ni betri ya redio!"

"Inapiga."

"Piga tuone!"

Akapiga. Hakuficha, wala hakuwaambia wajiweke sawa. Mtu akijinyoosha mikono kama wa Bariadi, Minza anashusha kamera, anamwuliza tena jina la yule babu wa tatu, wanaanza kubishana wao kwa wao, anainua. Niliona mwendo wake umebadilika. Hakutembea tena kama kuku wa kwenye mahindi. Alitembea kama mtu aliyefika kwao na anachekwa, na hajali kuchekwa. Kisha akavuka kwa Wagalu, akapiga magoti huko pia, na huko pia wakamtania, kwamba ananuka Ugika.

Jua lilipoinama Mama Pendo alihesabu watu. Kwa siku hiyo walishinda Wagika. Ninaamini ni kwa sababu kamera yetu ilikuwa chini ya beseni, lakini nilikatazwa kusema.

Nyumbani

Jumamosi asubuhi alipanda gari la Mwanza, mimi nikashika la Bariadi. Kamera kubwa aliibeba yeye, inanuka dagaa mpaka leo, mabibi harusi wajao watavumilia. Sikuwa na raha njia nzima. Nilishuka Maswa, nikakaa stendi, nikala ndizi bila kuijua ladha yake.

Alipiga simu saa tisa.

"Alizitazama zote kumi," akasema. "Akarudia. Akaniuliza, hawa watu uliwafanya nini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia niliwasalimia vibaya."

"Minza!"

"Ndiyo ukweli, Bibi. Akarudia kuzitazama mara ya tatu. Halafu akasema njoo Jumatatu uanze kazi."

Nilipiga kelele, mpiga debe akaja kuona nimeibiwa nini. Nilipotulia nikamwuliza, na kamera je? Aliulizia ile kubwa?

"Hakuulizia kamera yoyote."

Hilo liliniuma kidogo, siwezi kudanganya.

Wiki iliyofuata alinitumia zile picha kumi kwa gari, zimesafishwa kwenye karatasi nene. Nimezibandika ukutani sebuleni, njooni mzione, msisubiri kualikwa. Wote wamo: yule kijana ameikumbatia ngoma yake anacheka, bibi wa Kigika meno yote mawili nje, wanawake wameshikana viuno wanalia kwa kicheko. Wote wanatazama mbele.

Mama Shija amekuwa wa kwanza kuja, jana. Alizipitia moja moja, mikono mgongoni kama mkaguzi, akafika mwisho akageuka.

"Nzuri," akasema. "Lakini mbona mjukuu wako mwenyewe hayumo hata moja?"

"Yumo," nikamwambia. "Tazama macho ya watu hao. Amesimama hapo hapo uliposimama wewe."